Kompyuta kuwaka bila picha: 'Kupiga Windows' si tiba

KOMPYUTA inapowashwa, feni zikazunguka na taa ndogo ikawaka, lakini kiwambo kikabaki cheusi tititi, ni rahisi kwa mwenyewe kuamini kuwa imekufa. Na mara nyingi ushauri wa kwanza anaopewa vibandani, iwe ni Lodwar au Kakuma, ni kwamba 'ipigwe Windows' upya. Ushauri huo hautibu chochote. Isitoshe, unaweza kufuta picha za familia, hesabu za duka na kazi ya muhula mzima ya mwanafunzi.

Sababu iko katika namna kompyuta inavyoamka. Punde kitufe kinapobonyezwa, ubao mkuu, ambao mafundi huuita mathabodi, hujikagua kwanza: hutazama iwapo prosesa ipo, iwapo ramu inasomeka na iwapo kuna kifaa cha kutoa picha. Ukaguzi huo ukipita, nembo ya mtengenezaji hujitokeza. Ni baada ya hapo ndipo diski inaposomwa na Windows kuitwa kazini. Kwa hivyo, ikiwa hata nembo haikuonekana, Windows haijaanza kazi na haiwezi kulaumiwa. Kompyuta inayoonyesha nembo kisha ikawa nyeusi ina maradhi mengine, na hiyo si mada ya leo.

Umeme wa kupanda na kushuka

Turkana ina mazingira magumu kwa mitambo hii. Mchana wa Lodwar joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na upepo huingiza vumbi laini hadi ndani ya kasha. Umeme nao una kisa chake. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka wa 1991, lina uwezo wa kuzalisha megawati 106, lakini kwa miaka mingi umeme wake ulielekezwa kusini huku Lodwar ikitegemea jenereta za dizeli. Kambini Kakuma, iliyofunguliwa mwaka wa 1992, wafanyabiashara wenye jenereta wamekuwa wakiwauzia majirani umeme kwa nyaya zinazopita juu ya mapaa, na wengine hutegemea sola.

Umeme wa aina hiyo ukidhoofika, unaweza kuzungusha feni na kuwasha taa lakini usitoshe kuamsha ubao mkuu. Mwenye inveta ndogo ajaribu kwanza kompyuta hiyo mahali penye umeme imara kabla ya kuifungua. Vilevile, baadhi ya kompyuta za mezani za mtumba huwa na swichi nyekundu nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya, yenye alama za 115 na 230. Nchini Kenya ni lazima isomeke 230. Ikiachwa kwenye 115, kisanduku cha umeme huungua mara moja, na wakati mwingine kwa kishindo.

Ikiwa umeme hauna kasoro, taa ya kiwambo itazamwe. Taa ya rangi ya chungwa, au maandishi ya kulalamikia ukosefu wa mawimbi, humaanisha kiwambo ni kizima ila hakipokei picha. Kebo ichomolewe pande zote mbili na kurudishwa kwa kukazwa. Kompyuta yenye kadi ya ziada ya picha huwa na matundu mawili ya kebo, na aghalabu lile la ubao mkuu huwa limezimwa. Kosa hili dogo limewapeleka wengi kwa fundi bure. Kwa kompyuta ya mkononi, tochi imulikwe kwenye kiwambo kwa mshazari. Picha hafifu ikionekana, kilichokufa ni mwanga wa kiwambo tu.

Dawa ya kifutio

Mshukiwa mkuu, hata hivyo, ni ramu. Joto la mchana hupanua vyuma na ubaridi wa usiku huvirudisha, vumbi likaingia kati ya meno ya ramu na tundu lake, na mguso ukapotea. Baadhi ya kompyuta hulia mlio wa kurudiarudia kulalamikia jambo hili, nyingine hunyamaza kimya.

Tiba yake haihitaji fedha. Kompyuta ichomolewe kutoka kwa umeme, na ya mkononi itolewe betri kama inatoka. Kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki itoke. Hatua hiyo pekee huweza kuifufua. Kisha kasha lifunguliwe. Kwa kuwa hewa ya Turkana ni kavu na mwili hubeba chaji inayoweza kuua ramu, mtu aguse kwanza chuma kitupu cha kasha. Ramu itolewe, meno yake ya rangi ya dhahabu yasuguliwe polepole kwa kifutio cha penseli, mabaki yapanguswe, vumbi la tunduni lipulizwe kwa brashi kavu au pampu, kamwe si kwa kitambaa chenye maji. Irudishwe hadi vibano vilie. Zikiwa mbili, ijaribiwe moja moja.

Ikishindikana, betri ndogo ya mviringo ya volti 3 iliyo kwenye ubao wa kompyuta ya mezani itolewe kwa dakika chache kisha irudishwe. Kwenye kompyuta mpya, hatua hii inaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa kufungulia diski, hivyo ufunguo huo utafutwe mapema. Kapasita zilizovimba vichwa ni ishara kuwa ubao umechoka. Hapo raia wa kawaida aweke bisibisi chini.

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120, na kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu 300 nyingine. Kabla ya kompyuta kupakiwa kwenye basi, diski itolewe na kubaki nyumbani. Fundi haihitaji ili kurudisha picha kwenye kiwambo.