Likelemba kazini: mchezo wa kusaidiana usigeuke ugomvi

Mshahara ukifika Swima, mwalimu ao muuguzi mwingine hapiti kwanza sokoni. Anapita kulipa likelemba. Ng'ambo ya ziwa, wenzetu Watanzania wanaiita upatu, ao wanasema tu "tunacheza mchezo". Jina hilo linafaa, ju ni mchezo kweli: una zamu, una sheria, na wachezaji wanachungana.

Hesabu yake ni rahisi. Watu 10 wa biro moja wanatoa kila mmoja franga 20 000 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja wao anabeba 200 000. Miezi 10 ikiisha, kila mtu ametoa 200 000 na amepata 200 000. Hakuna faida. Lakini aliyebeba wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba, na wa mwisho ndiye amewakopesha wote. Ndiyo maana ugomvi wa kwanza unakuwaka ju ya zamu.

Tena kuna hasara isiyoonekana. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Agosti 2017 ilikuwa imepita 1 500. Tuseme kundi la watu 20 lilicheza miezi hiyo yote, kila mtu akitoa 10 000. Wa kwanza alibeba 200 000 zenye thamani ya dola karibu 215. Wa mwisho alibeba 200 000 zilezile, lakini hazikufika dola 134.

Hapo ndipo ukubwa wa kazi unaingia. Shefu akisema yeye abebe wa kwanza, nani atamkatalia? Ndiye anaandika ripoti yako, ndiye anakupa ruhusa ukifiwa. Mfanyakazi mpya anatupwa mwisho. Asiyecheza anaitwa mchoyo, na siku ya shida yake wenzake wananyamaza. Wengine wanaingia kwa haya tu, halafu wanakula deni dukani wapate kulipa.

Hatari nyingine ni kuhamishwa. Mtu amebeba mwezi wa pili, mwezi wa nne anatumwa Baraka ao Uvira. Nani atalipa miezi iliyobaki? Na mshahara wenyewe ukichelewa, mnyororo wote unakatika, hata kama hakuna mwizi.

Si kusema watu waache. Likelemba imelipa minerval, imeezeka nyumba kwa mabati, imetoa wagonjwa hospitalini. Mtu wa mshahara mdogo hakopeshwi na benki kwa urahisi. Mwenzake wa kazi anamjua na anamwamini. Lakini kuaminiana kunataka sheria:

- Zamu zipigiwe kura mbele ya wote, shefu naye achukue karatasi yake kama wengine.
- Mwenye kushika makuta asiwe shefu. Kila malipo yaandikwe katika kaye, na mlipaji atie sahihi.
- Kila mchezaji awe na mdhamini atakayelipa akihamishwa.
- Mukubaliane mapema mutafanya nini mshahara ukichelewa, na mtu akifiwa ao akiugua abadilishane zamu na nani.
- Mchezo uwe mfupi. Watu 6 wanamaliza kabla franga haijashuka sana.
- Anayekataa kuingia aachwe kwa amani.

Mukiisha kuandika, someni sheria kwa sauti mbele ya kila mchezaji, mbele ya mtu wa kwanza kubeba. Akishabeba, ni vigumu kumrudisha mezani.