Fahamu: Berry Gordy, aliyejenga Motown kwa mkopo wa dola 800
Berry Gordy alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1929. Alipigana ngumi za kulipwa, akafungua duka la santuri za jazi likafilisika, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury. Huko aliona fremu tupu ikiingia upande mmoja na gari kamili likitoka upande wa pili. Akataka kufanya vivyo hivyo kwa wanamuziki.

Januari 1959 alikopa dola 800 kwenye mfuko wa akiba wa familia yake, akaanzisha lebo ya Tamla, mwanzo wa kampuni ya muziki ya Motown. Nyumba ya kawaida kwenye barabara ya West Grand ikawa studio, na humo wakapita Smokey Robinson, Marvin Gaye, Stevie Wonder na kundi la Supremes. Nyimbo zilijadiliwa kikaoni na kupigiwa kura kabla ya kutolewa. Wasanii vijana walifundishwa hata namna ya kutembea na kuketi mbele za watu.

Lakini utajiri mkubwa ulikuwa kwenye haki za utunzi, zilizosimamiwa na kampuni yake ya Jobete. Mwaka 1988 aliuza Motown kwa dola milioni 61, Jobete akabaki nayo. Mwaka 1997 nusu tu ya Jobete iliuzwa kwa kampuni ya EMI kwa dola milioni 132.

Si kila mtu alifurahi. Watunzi wake hodari, Holland, Dozier na Holland, waliondoka kwa ugomvi wa malipo, wakafikishana mahakamani na Gordy. Kwa hiyo, msanii ukiletewa mkataba, anza na kifungu cha umiliki wa nyimbo.