Nani atamhesabia mama mzee makuta yake?

Kasongo hakuna supamaketi. Kabambare pia hakuna. Tuko na maduka, tuko na soko, tuko na meza za barabarani, na mahali pote pale kuna mtu. Unamwambia unachotaka, anakutajia bei, munabishana kidogo, unalipa, anakurudishia chenji. Kwa hiyo habari ya Ulaya, kwamba katika maduka makubwa wanaondoa watu wa kese na kuweka mashini ambayo mnunuzi mwenyewe anapitisha vitu vyake na kujilipisha, tunaweza kuisikia kama hadithi ya mbali. Wazee wa kule wanalalamika kwamba mashini inawaamrisha, weka kitu hapa, ondoa pale, na wakikwama hakuna wa kumuuliza. Sisi huku tunacheka.

Tusicheke sana. Mashini ile kwetu haikupita mlango wa duka, ilipita mfuko wa shati. Ni simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikafika Kongo mwaka 2012, na leo Airtel Money na Orange Money nazo ziko. Mtu wa kese ameondoka, na kazi yake amepewa mwenye makuta: ajipigie namba, achague mstari, asome, akubali, aandike kode, asome tena. Kijana wa miaka ishirini hiyo kwake ni mchezo. Lakini mama wa miaka sabini, ambaye macho yake yamechoka na shule hakuipata, yeye amepewa kazi ya ukarani uzeeni, bila kuulizwa na bila mshahara.

Chukueni familia yoyote ya mchimbaji wa huku kusini mwa Maniema. Kijana anachimba dhahabu upande wa Salamabila na Namoya, katika Kabambare. Mama yake amebaki Kasongo. Zamani makuta yalisafiri na mtu: shemeji anayerudi nyumbani, mfanyabiashara anayeaminika, dereva wa pikipiki. Barabara munazijua. Mvua, madaraja yaliyooza, vizuizi, watu wenye bunduki. Makuta mengine hayakufika, na mara nyingine hata mbebaji hakufika. Leo kijana anabonyeza akiwa machimboni, na kabla hajarudisha simu mfukoni makuta yako Kasongo. Tena ndani ya simu hakuna dola iliyopasuka. Kila mtu anajua vile noti yenye kovu dogo pembeni inavyokataliwa sokoni kama mtoto wa haramu. Hakuna mtu wa sendika mwenye akili atakayeomba turudie kubeba franga ndani ya soksi.

Wazee wenyewe hawaombi hivyo. Nimewasikiliza wengi, wajane wa wachimbaji na wanaume waliomaliza nguvu zao ndani ya mashimo, na sijasikia hata mmoja akisema simu iondoke. Wanachosema ni kitu kingine, na vijana wetu wanakosea wakidhani ni ujinga au woga wa vitu vipya.

Kwanza ni habari ya kuhesabu. Mzee anataka kuhesabiwa makuta mbele ya macho yake, noti juu ya noti, kisha ayahesabu yeye mwenyewe. Waliofanya kazi SOMINKI, kompani iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kompani za zamani kama Symétain na Cobelmin, wanaikumbuka siku ya malipo. Meza, orodha, karani, jina lako linaitwa kwa sauti. Asiyejua kuandika anaweka kidole gumba kwenye wino. Ukiona imepungua unabaki pale pale umesimama, unasema imepungua, na watu wote nyuma yako wanasikia. Delege wa sendika hayuko mbali. Sipambi zamani, sababu makarani walikuwa na dhambi zao. Kulikuwa na yule ambaye kila mwezi hana makuta madogo ya kurudisha, na kulikuwa na yule ambaye jina lako halionekani kwenye orodha mpaka umemwachia kitu. Na kompani yenyewe ilipofungwa mwaka 1997 wengi walibaki wakidai hesabu yao ya mwisho miaka na miaka. Lakini mwizi wa mezani alikuwa na uso. Ulijua anakaa wapi, ulijua mke wake, ulijua pa kwenda kupiga kelele. Makuta yakipotea ndani ya simu, mama mzee atampigia nani kelele? Anaambiwa apige namba fulani. Anapiga, anasikia muziki, kisha sauti inamwambia abonyeze 1, abonyeze 2.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Ni ile kode ya siri.

Zamani mama akipokea makuta aliyafunga kwenye pindo la kikwembe. Ndani ya nyumba hakuna aliyejua ni kiasi gani. Yeye ndiye aliyejua, na kwa sababu yeye ndiye aliyejua, yeye ndiye aliyegawa: hii ya chumvi na sabuni, hii ya mtoto wa marehemu dada yangu, hii nyamaza, ni ya msiba ambao haujafika. Watu walimheshimu kwa umri wake, sawa, lakini pia juu ya lile pindo.

Simu ilikuja na ahadi ya siri. Kwa anayejua kusoma, ni kweli, siri yake imekuwa kubwa kuliko zamani. Kwa mama asiyesoma imekuwa kinyume kabisa. Ujumbe unaingia, mara nyingi kwa Kifaransa, na wa kwanza kuujua ni mjukuu. Mjukuu ndiye anayemwambia nkambo wake ni kiasi gani kimeingia. Akisema ni elfu hamsini, ni elfu hamsini. Kisha wanakwenda pamoja kwenye kabine, kwa yule kijana wa chini ya parasoli, na pale kode inasemwa kwa sauti, mbele ya foleni, ama simu inapitishwa mkono kwa mkono na kijana wa kabine anaandika mwenyewe. Namba ambayo haipaswi kujulikana na mtu yeyote duniani inajulikana na mjukuu, na rafiki yake mjukuu, na kijana wa kabine, na muuza mihogo wa pembeni. Mwenye makuta peke yake ndiye asiyeikumbuka.

Munaona kilichogeuka. Yule aliyekuwa anagawa sasa anaomba. Anamuomba mtoto wa miaka kumi na nne amsaidie kupata makuta yake mwenyewe, na mtoto akiwa na hasira siku hiyo, au akiwa kwenye mpira, makuta yanangoja. Nyumba zingine mjukuu ni mwaminifu, na mambo yanakwenda vizuri, na hata mapenzi yanaongezeka kati yao. Nyumba zingine mjukuu amejifunza kwamba nkambo hawezi kuhakikisha. Mama anaweza kushuku na asiseme, sababu akimkasirisha huyu, nani mwingine atamsomea? Aibu hiyo haina mahali pa kulalamikia. Mwana aliye machimboni anaona kwenye simu yake kwamba makuta yamefika, anatulia. Ni kweli yamefika kwenye simu.

Nao wanachanganywa na mambo madogo. Huku simu ina makuta ya dola na makuta ya franga, kila moja upande wake, na ukichagua upande usio wako unaambiwa hakuna kitu, na mzee anarudi nyumbani akiamini mwanawe hakutuma. Ama rezo hakuna. Ama mtu wa kabine hana makuta mkononi siku hiyo, rudi kesho, na mzee ametembea tangu alfajiri kutoka kijijini. Ama simu imezima na mwenye paneli ya kuchaji amefunga.

Nilisoma kwamba ile kode ya namba nne ambayo dunia nzima imeizoea ina historia. Mwaka 1967 benki ya Barclays iliweka mashini ya kutoa pesa huko Enfield, London. John Shepherd-Barron, Mwingereza aliyeitengeneza mashini ile, alieleza baadaye kwamba yeye alifikiria namba sita. Akamuuliza mke wake, na mke akasema yeye anaweza kukumbuka nne tu. Ikawa nne. Mimi habari hii inanipendeza, sababu mtu mwenye akili nyingi aliona ni lazima amuulize mama wa nyumbani kwake kabla ya kuamua. Mama wa Kasongo hakuulizwa na mtu. Angeulizwa, pengine angesema ataweka kidole gumba kama babu yake, ama angesema nipeni mtu.

Wazee wa kwingine wamesema hivyo hivyo, nipeni mtu, na wamesikilizwa. Hispania, mwaka 2022, daktari mmoja mstaafu wa Valencia, Carlos San Juan, mwenye miaka 78 na ugonjwa wa kutetemeka mikono, aliona benki zinafunga vibanda vyake na kuwasukuma wazee kwenye mashini. Akaandika ombi kwa maneno mepesi: mimi ni mzee, si mjinga. Sahihi zaidi ya 600,000 ziliungana naye. Akazipeleka Madrid, na mwezi wa pili mwaka ule benki zilikubali kuongeza saa za kuhudumia wazee kwa mtu, siyo kwa mashini. Uholanzi, maduka ya Jumbo yalianza mwaka 2019 kuweka kese ya polepole kwa mnunuzi anayetaka kuongea kidogo na karani. Na kaskazini mwa Uingereza, maduka ya Booths yalitangaza mwisho wa mwaka 2023 kwamba yanaondoa mashini za kujilipisha karibu katika maduka yake yote na kurudisha watu. Hao si watu wa huruma tu, ni wafanyabiashara. Walihesabu.

Na sisi tuhesabu. Katika nchi yetu, serikali ilianza mwaka 2011 kulipa watumishi wake kwa njia ya benki, na kule ambako benki haziko, kazi ya kulipa walimu ilipewa Caritas: watu wakafunga safari, wakapanga foleni, lakini mwisho wa foleni kulikuwa na mtu na daftari. Sasa kompani na wanunuzi wa madini nao wanapenda simu. Wanasema ni usalama, na ni kweli. Hawasemi kwamba pia ni mshahara wa karani wameuokoa. Yule karani wa kese alikuwa mfanyakazi, ana mkataba, ana cheti cha daktari akiugua. Kazi yake haikufutika. Imekatwa vipande: kipande kimepewa mama mzee, kipande mjukuu, kipande kijana wa parasoli ambaye hana mkataba na anakula komisio peke yake. Mimi sina ubaya na kijana wa parasoli, mara nyingi yeye ndiye mwalimu pekee ambaye mzee amempata, na anafanya kwa subira kuliko tunavyomlipa. Lakini tusiite maendeleo kitu ambacho ni kuhamisha kazi tu.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema mshahara wa pesa ulipwe siku ya kazi, mahali pa kazi au karibu yake. Waliouandika hawakuwa na simu kichwani, lakini maana yake inaeleweka: mfanyakazi asikimbizane na mshahara wake. Tukilipwa kwa simu, basi anayelipa aweke juu yake ile komisio ya kutoa, sababu mtu aliyeandikiwa dola 100 akashika pungufu mkononi hakulipwa dola 100. Na fishi ya mshahara iendelee kuandikwa kwenye karatasi. Karatasi inaweza kupelekwa kwa mwalimu, kwa padri, kwa imamu, kwa mtu yeyote anayesoma, bila kumpa ufunguo wa makuta.

Kwa wazee na wajane tunataka meza. Siku moja kwa mwezi, kiti, karani mwenye jina linalojulikana, daftari, wino. Anayetaka simu abaki na simu yake. Anayetaka kuhesabiwa ahesabiwe. Tukiwa kwenye mkutano, watu wa biro wanajibu kwamba wazee watazoea. Wengine watazoea, ndiyo, nimemuona mzee wa karibu miaka themanini anayetuma na kupokea kuliko mimi, na anawacheka wenzake. Wengine watakufa kabla ya kuzoea, na makuta ya mwezi huu wanayahitaji mwezi huu.

Na wewe uliye machimboni, wakati meza bado haijapatikana, usitume tu. Baada ya kutuma, piga simu, ongea na mama mwenyewe, siyo na mtoto anayeshika simu, umwambie kiasi kwa mdomo wako. Mwambie kwa Kiswahili, ama kwa lugha yenu ya nyumbani ambayo kijana wa kabine haielewi. Umwombe akujibu tena baada ya kutoa: umeshika ngapi? Inakula unite kidogo. Wanaofanya hivyo wananiambia ugomvi nyumbani umepungua.

Delege wa kila kambi, kuanzia sasa hadi kikao kijacho na waajiri, aandike majina ya wazee na wajane wanaotaka meza, na kijiji cha kila mmoja. Wanaotaka kubaki na simu nao waandikwe kwenye orodha yao, sababu wako, na kompani itatuuliza ni wangapi.