Imepita kwenye kompyuta, itapita kwenye simu?

Simu za Android na seva nyingi za intaneti zinatumia keneli ileile: Linux, iliyoanza 1991. Ila prosesa ni tofauti: simu nyingi ni ARM, seva nyingi ni x86. Je, msimbo ukipita majaribio kwenye x86 tu, tutulie?

Hapana. Chukua mzani wa pamba hapa Mhunze. Karani anaandika kilo, kisha anagonga muhuri. Mhasibu akiona muhuri, analipa. Prosesa ya x86 hairuhusu muhuri uonekane kabla ya kilo. ARM, ili isipoteze muda, inaweza kuruhusu: muhuri mpya, kilo za mkulima aliyetangulia! Dawa ni amri za kizuizi, kwa karani na kwa mhasibu: “kilo kwanza”. Zikisahaulika, x86 inaficha kosa, na kwenye simu data inaharibika kimyakimya.

QEMU ya Fabrice Bellard, iliyotoka 2003, huigiza ARM ndani ya x86. Inasaidia sana, lakini nayo inaweza kuficha kosa hilohilo, maana chini yake bado ni x86. Kwa hiyo jaribu pia kwenye ARM halisi, hata Raspberry Pi, tena mara nyingi: kosa hili halijitokezi kila mara.