Kazi ya Likizo: Patana Kwanza, Ndipo Uanze

Shule zikifungwa mwezi wa sita au mwezi wa kumi na mbili, swali huwa ni lile lile: nikae nyumbani nihesabu mabati, au nitafute kibarua?

Wanafunzi wengi tunaoongea nao mashuleni wanataka kazi kwa sababu za maana kabisa. Mmoja anataka viatu vya shule. Mwingine anataka pedi bila kumwomba baba kila mwezi. Mwingine anaona mama amechoka, anataka kumpunguzia mzigo. Hakuna aibu hapo. Lakini jihadhari: mtu mwenye shida ya haraka ni rahisi kudanganywa, hasa akiwa bado mwanafunzi. Atafanya kazi wiki tatu, kisha ataambiwa "njoo kesho" mpaka shule zifunguliwe. Au ataumia, na atakosa wa kumtibu.

Dawa yake ni moja: mambo yote mpatane kabla hujashika kazi.

Kazi zinapatikana wapi?

Kazi nyingi za likizo hazitangazwi popote. Zinapatikana kwa kuulizia. Anza na watu wanaokujua wewe au wazazi wako: mwenye genge, mwenye duka, mama lishe, fundi cherehani, saluni, duka la fotokopi. Fikiria pia ni nani ana kazi nyingi wakati huo. Mwishoni mwa Disemba mafundi cherehani wanashona sare za shule. Wanahitaji mtu wa kufunga vifungo na kupiga pasi. Kijijini, mwezi wa sita sehemu nyingi ni mavuno. Kuna kuvuna na kupukuchua mahindi. Kama wewe ni mzuri kwenye hesabu au Kiingereza, kusanya watoto watano wa shule ya msingi mtaani, uongee na wazazi wao, uwafundishe tuisheni asubuhi.

Nenda mapema, siyo wakati wateja wamejaa. Usiseme tu "naomba kazi". Sema wewe ni nani na unaweza nini. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Mimi nasoma kidato cha tatu, nyumbani ni pale nyuma ya msikiti. Tumefunga shule. Naomba nikusaidie hapa dukani asubuhi. Hesabu za chenji naziweza, na nitakuwa nafika saa mbili kila siku."

Akikataa, mshukuru, uende duka la pili. Huenda akakukumbuka wiki ijayo.

Piga hesabu kabla ya kukubali

Tuseme umeahidiwa shilingi 5,000 kwa siku, kwa siku 20. Haraka haraka unaona 100,000. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ni 1,500, na chakula cha mchana 2,000. Kila siku unabakiwa na 1,500. Mwisho wa kazi una shilingi 30,000, siyo laki moja! Kazi ya shilingi 3,000 kwa siku karibu na nyumbani, ambako unakula kwa mama, inakuachia 60,000. Kazi yenye mshahara mkubwa siyo lazima iwe na faida kubwa.

Kama ni kazi ya shamba, patana mapema kama malipo ni kwa siku, kwa eka au kwa gunia. Gunia nalo mlitazame wote wawili kabla ya kuanza, maana kuna gunia la kawaida na kuna lumbesa.

Sheria inasemaje?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Ukishafika miaka 14 unaruhusiwa kufanya kazi nyepesi tu, ambayo haidhuru afya yako na haikuzuii kwenda shule. Kama hujafika miaka 18, huruhusiwi kufanya kazi mgodini, kiwandani au mahali pengine penye hatari, hata kama ni shambani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza kwamba aliye chini ya miaka 18 asifanyishwe kazi usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Na inasema mtoto anayefanya kazi ana haki ya kulipwa kulingana na kazi aliyoifanya. Kwa hiyo mtu akikwambia "wewe ni denti tu, nitakupa hela ya soda", mjue huyo.

Kazi zinazoharibu afya

Kuna vibarua vinalipa haraka, lakini mwili ndio unaolipa zaidi.

Kuvuna tumbaku ni mojawapo. Majani yakiwa na umande au mvua, sumu ya nikotini inapita kwenye ngozi na kuingia mwilini. Kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kichwa kuuma vinaweza kuanza siku hiyo hiyo, hata kama hujawahi kuvuta sigara.

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu wapo wanaochoma zebaki ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani vizuri lakini unaingia mapafuni, na unaweza kuharibu ubongo na figo. Kusimama pembeni tu kunatosha kuuvuta.

Kupulizia dawa za wadudu siyo kazi ya mwanafunzi. Kitambaa puani hakizuii sumu, na nguo ulizovaa zinaibeba mpaka nyumbani kwa wadogo zako.

Akitaka pesa, au akitaka mwili wako

Mtu anakwambia lipa shilingi 20,000 "ya fomu", kesho unaanza kazi mjini. Usilipe. Mwajiri wa kweli anakulipa wewe, siyo wewe unayemlipa yeye. Hata ajira za mikoa ya mbali, ambako hujui utalala wapi wala utarudi vipi, zikatae mpaka mzazi au mlezi aongee na huyo mtu na kupajua mahali penyewe.

Kuna na wale wanaosema kazi ipo, ila "tukutane gesti tuongee vizuri". Hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa ni kosa mtu mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira. Na kwa msichana aliye chini ya miaka 18, mwanamume anayefanya naye ngono anakuwa amebaka kisheria, hata kama msichana alikubali. Wavulana nao wanatakwa na wanatishwa. Wasinyamaze kwa kuona haya.

Ikitokea umelazimishwa, kosa siyo lako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, uwahi hospitali kabla ya kuoga. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ila lazima zianzwe ndani ya masaa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi. Msichana aulizie pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, haina malipo. Rushwa unaripoti TAKUKURU kwa namba 113.

Maswali ya kuuliza kabla ya siku ya kwanza

1. Nitafanya kazi gani hasa? "Kusaidia saidia" siyo jibu.
2. Naanza saa ngapi, namaliza saa ngapi, napumzika lini?
3. Nalipwa kiasi gani, na lini? Kwa siku au kwa wiki ni salama kuliko "mwisho wa likizo".
4. Nikivunja au kupoteza kitu, itakuwaje?
5. Nikiumia kazini, nani atanitibu?

Majibu yaandike kwenye karatasi, na mwenye kazi aweke sahihi. Kama unaona vigumu kumwambia mtu mzima aweke sahihi, nenda na mama, mjomba au dada mkubwa. Yeye awe shahidi. Mwenye nia njema hatakasirika, maana kuuliza siyo ujinga. Anayekasirika kwa swali la malipo kabla ya kazi, fikiria atakuwaje siku ya kulipa!

Kila jioni andika kwenye daftari tarehe, masaa uliyofanya na pesa uliyopokea. Nyumbani wajue uko wapi na kwa nani. Na tarehe ya kufungua shule mwambie mwenye kazi tangu siku ya kwanza, ili siku hiyo ikifika umeshalipwa chako na uko darasani na wenzako.