Malori Milimani: Adabu ya Kupita na Kupishana katika Barabara za Jirani Zetu

Chai ya Kericho haiendi yenyewe bandarini, wala mkonge wa Tanga, wala vitambaa vinavyotoka viwandani. Hubebwa na malori, na malori huendeshwa na wafanyakazi kama sisi. Katika ukurasa huu tunataka kueleza jambo ambalo wengi wetu huliona kila siku, tukiwa tumesimama kando ya barabara au tumekaa ndani ya basi, na hatujui kanuni zake: jinsi lori linavyolipita lori jingine mlimani, na jinsi malori mawili yanavyopishana. Si jambo la madereva peke yao. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani huko Kenya, lori lililobeba kontena lilimshinda dereva, likaacha njia na kuwavamia watu waliokuwa wakingoja magari pamoja na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao. Watu zaidi ya 50 walikufa. Hakuna hata mmoja kati ya wachuuzi wale aliyekuwa ameshika usukani.

Tuchukue barabara kuu ya Kenya itokayo Mombasa hadi Malaba, mpakani na Uganda, ambayo ni zaidi ya kilometa 900. Huanzia usawa wa bahari, ikapanda mpaka Nairobi penye kiasi cha mita 1,700, kisha ikaporomoka ndani ya Bonde la Ufa. Malori mengi mazito hushukia njia ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa vita wa Kitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mateka hao waliacha kanisa dogo kando ya mteremko, nalo lingalipo. Ikitoka Nakuru barabara hupanda tena, kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, na ikifika Timboroa imevuka mita 2,700. Yaani katika mwendo usiofika kilometa 100 lori limeinuliwa zaidi ya mita 800. Msomaji wa huku kwetu aliyewahi kupanda Kitonga, mkoani Iringa, nyuma ya foleni ya malori, anaelewa tunalolisema.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya uzito wa magari huruhusu lori lenye ekseli saba kufikia tani 56, gari na mzigo pamoja. Lori la namna hiyo likipanda mlima mkali huenda kwa kilometa 25 kwa saa, pengine chini ya hapo. Nyuma yake huja lori jingine lenye mzigo mwepesi kidogo, linaloweza kwenda kilometa 30. Dereva wa nyuma anaona anachelewa. Anatoka kulia ili apite.

Sasa na tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii haihitaji shule kubwa. Kila lori na tela lake lina urefu wa mita 20 hivi. Dereva wa nyuma lazima aanze akiwa mita 20 nyuma ya mwenzake, na arudi kushoto akiwa mita 20 mbele yake. Ukijumlisha, ni mita 80 za kumshinda mwenzake. Lakini anamzidi kilometa 5 tu kwa saa, yaani chini kidogo ya mita moja na nusu kwa kila sekunde. Basi atakuwa upande usio wake kwa muda wa karibu dakika nzima, na katika muda huo atakuwa amekwenda mita 480. Upande wa pili basi la abiria linashuka kwa kilometa 80 kwa saa. Katika dakika hiyo hiyo basi litakuwa limekuja mita 1,280. Kwa hiyo dereva yule alihitaji kuona barabara tupu kwa karibu kilometa moja na robo tatu mbele yake kabla hajageuza usukani. Ni wapi kati ya Salgaa na Mau Summit, au pale Kitonga, mtu anaona umbali huo?

Lau angalimzidi mwenzake kwa kilometa 20, angalimaliza kupita kwa sekunde 14 au 15, na nusu kilometa ya barabara tupu ingalimtosha. Ndiyo sababu madereva wakongwe huwakataza vijana kupita lori kwa lori mlimani, hata kama pana nafasi inayopendeza macho. Lori likilipita basi bovu lililokufa nguvu, sawa. Malori mawili yaliyolingana yakishindana mlimani ni kobe wawili waliojaa barabara nzima, na nyuma yao msururu wa magari madogo yenye hasira.

Hapa ndipo adabu inapokuja, kwa sababu sheria peke yake haitoshi. Sheria husema usipite kwenye kona, usipite karibu na kilele cha mlima, usivuke mstari usiokatika. Anayepitwa naye ana wajibu wake. Adabu humwambia. Anayepitwa akiona mwenzake amekwisha toka, naye amefika ubavuni, hapunguziwi heshima akiachia mafuta kidogo ili mwenzake amalize upesi. Wako wanaofanya kinyume: wakiona wanapitwa hukanyaga zaidi. Mtu wa namna hiyo madereva wenzake humjua kwa namba ya gari lake toka Mombasa hadi Kampala, na siku atakapoharibikiwa porini hatapata wa kumwazima jeki.

Adabu nyingine ni nafasi. Malori yakipanda kwa msafara, kila moja yafaa liache pengo mbele yake ambalo gari dogo laweza kuingia. Matatu ikiona malori matano yamegusana kama mabehewa, hujaribu kuyapita yote matano kwa pamoja, nayo haina mahali pa kujificha basi likitokea. Tunasema wazi kwamba katika jambo hili lawama haimwendei dereva wa matatu peke yake.

Kisha kuna lugha ya taa. Huku kwetu na Kenya, ambako tunaendesha kushoto, lori la mbele likiwasha taa ya kugeukia kulia na hali halina mahali pa kugeukia, linamwambia aliye nyuma: usipite, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto linasema: njia ni tupu, pita. Dereva wa lori hukaa juu, naye huona ng'ambo ya mwinuko kabla ya mwenye gari dogo. Usiku, anayekutana na mwenzake huwasha ile ya kulia ili kuonyesha mwili wa lori lake unaishia wapi, wasikwaruzane. Ni desturi njema, imeokoa wengi. Lakini taa ile ile ndiyo inayosema pia "nageuka," na dereva aliyechoka huweza kuisahau ikiwaka kwa kilometa nzima. Sisi twaona yafaa hivi: taa ya "usipite" ichukuliwe kuwa amri, na taa ya "pita" ichukuliwe kuwa habari tu, ya kuthibitishwa kwa macho yako mwenyewe. Aliyekuwashia hatasimama nawe mahakamani.

Lori likiharibika kwenye kona, tingo hukata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma na mbele ya gari. Sheria inataka pembetatu zinazong'aa, na pembetatu ni bora hasa usiku, ila tawi huonekana hata na mtoto na haliibiwi. Ubaya ni mawe. Tairi zikizuiliwa kwa mawe mlimani, gari likitengemaa dereva huondoka na mawe yakabaki pale pale kwenye lami. Anayekuja usiku na pikipiki hayaoni. Dereva aachaye mawe barabarani hastahili kuitwa dereva.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda. Tani 56 zikiteremka, breki peke yake haziwezi kuzizuia kwa muda mrefu. Ngoma za breki hupata moto, bitana zake hupoteza mshiko, na dereva hukanyaga pedeli asipate kitu. Kwa sababu hiyo kanuni ya wakongwe ni kuteremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, injini ndiyo ishike gari, na breki zitumike kwa kidogo kidogo. Wapo wanaoweka gia huru, wenyewe huita "frii," ili gari lijiendee na dizeli ibaki. Hapo wanajidanganya. Lori likiwa katika gia nalo linashuka bila kukanyagwa mafuta, injini za siku hizi hukata dizeli kabisa, kwa maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Likiwa frii, injini hubidi inywe ili isizime. Basi mtu huyo anahatarisha roho za watu ili apoteze dizeli, si ili aiweke.

Lakini tusiishie kumlaumu mwenzetu. Kwa nini dereva ahesabu matone ya dizeli? Kwa sababu mara nyingi tajiri humpa fedha za safari kwa kipimo, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Kwa nini apite kwenye kona? Kwa sababu analipwa kwa safari, sawasawa na mchuma chai alipwaye kwa kilo, na kila saa aliyokaa nyuma ya lori zito ni saa isiyolipwa. Sheria ya Kenya ya usalama barabarani, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Pima mwenyewe: kilometa zaidi ya 900, milima ile, mizani, foleni ya mpakani. Kwa saa 8 kwa siku lori haliwezi kufika Malaba bila dereva kulala njiani mara moja au zaidi. Tajiri anayesema kesho asubuhi uwe Malaba amekwisha kumwamuru dereva avunje sheria, ingawa hakuyatamka maneno hayo. Basi chama kinapodai mshahara wa mwezi badala ya malipo ya safari, kinadai pia usalama wa yule mchuuzi wa njia panda.

Serikali nazo zina sehemu yao. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana uso kwa uso huko Migaa, karibu na Sachangwan, na watu 36 wakafa. Baada ya hapo kipande hicho kiliwekewa ukuta wa zege wa kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Palipo na ukuta, hesabu yetu ya kilometa moja na robo tatu haina kazi tena. Adabu yote tuliyoieleza ni dawa ya mahali ambapo ukuta haujafika, au njia ya pili ya kupandia haijajengwa.

Ndugu zetu wa mashambani wana barabara zao pia, zile za udongo zilizokatwa katikati ya chai au mkonge, ambamo malori mawili hayaenei. Hapo desturi ni kwamba anayeshuka humngoja anayepanda, kwa sababu lori lenye mzigo likisimama katikati ya mlima wa tope haliondoki tena bila kusukumwa. Wengine hubisha, wakisema anayeshuka ndiye asiyeweza kusimama. Tunajibu kuwa asiyeweza kusimama katika njia ya shamba amekuja kwa kasi isiyofaa. Na walio juu ya mzigo wasimshangilie dereva anayekimbia, hata kama kengele ya mizani inakaribia.

Tumalizie na Rwanda na Burundi, ambako malori yetu huenda kila siku. Ukivuka daraja la Rusumo unaacha kushoto na kuanza kuendesha kulia, na milima huanza hapo hapo. Lugha ya taa nayo hupinduka: ile ya kulia sasa ndiyo ya ukingoni, na ya kushoto ndiyo ya katikati ya barabara. Dereva aliyetoka Dar es Salaam na mazoea yake huweza kumwambia mwenzake "usipite" na mwenzake akasikia "pita." Jambo kubwa zaidi ni usukani. Malori yetu yana usukani kulia, na katika nchi ile upande wa kulia ni ukingoni mwa barabara. Dereva akiwa nyuma ya lori jingine haoni mbele kabisa, mpaka kichwa chote cha gari kimekwisha tokea upande wa wanaokuja.

Anayeona ni tingo, aliyekaa kushoto. Yeye ndiye huchungulia na kusema "bado" au "haya." Kazi ya kupita katika milima ya Rwanda, kwa hakika, hufanywa na watu wawili. Hata hivyo mara nyingi tingo huyo hakuandikwa na kampuni. Amechukuliwa na dereva, hulipwa kutoka mfukoni mwa dereva, na jina lake halimo katika karatasi yoyote ya mwajiri. Lori likianguka, dereva akiwa na mkataba familia yake ina mahali pa kudai fidia. Familia ya tingo huambiwa ofisini kwamba mtu huyo hajulikani.