Kura barazani: kwa nini wengi si lazima washinde

Unaishi Dadamu au kwenye makazi ya Lobule, Koboko, na umesikia baraza "limepitisha" jambo: ushuru wa soko, bajeti, au sheria ndogo kuhusu mifugo inayozurura. Jambo hilo linakugusa hata kama wewe ni mkimbizi na huna kura ya kumchagua diwani, au kansela kama tunavyomwita hapa. Kwa hiyo inafaa ujue kura zinavyohesabiwa.

Swali la kwanza ni wangapi wamo ukumbini. Hiyo ndiyo akidi. Katika Bunge la Uganda, angalau theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura wanatakiwa kuwepo jambo linapoamuliwa. Usidhani hili ni pambo la karatasi. Sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, iliyopitishwa Desemba 2013, ilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti 2014 kwa sababu akidi haikuwepo ilipopitishwa. Majaji hawakufika hata kwenye yaliyomo ndani yake.

Akidi ikitimia, mambo ya kawaida huamuliwa na wengi kati ya waliopo na kupiga kura. Anayeongoza kikao cha Bunge hapigi kura, na kura zikilingana, hoja imeanguka.

Mambo mazito yana kipimo kingine, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Tuseme baraza la wilaya lina wajumbe 24, na kuna hoja ya kumwondoa mwenyekiti kwa rushwa. Kifungu cha 185 cha Katiba kinataka theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 16. Wakija 15 na wote 15 wakakubali, hoja imeshindwa, ingawa hakuna hata mmoja aliyepinga. Wale 9 waliobaki nyumbani wamemwokoa mwenyekiti bila kusema neno. Anayetaka kumlinda hahitaji hotuba nzuri. Anahitaji viti vitupu. Kwa hiyo ukisikia kansela wako "alikuwa na udhuru" siku ya kura kama hiyo, una haki ya kumuuliza udhuru gani.

Kipimo hicho hicho hutumika Bunge linapobadilisha Katiba. Tarehe 20 Desemba 2017, kikomo cha umri wa miaka 75 kwa rais kiliondolewa kwa kura 317 dhidi ya 97. Rais naye akiurudisha muswada bungeni mara mbili, wabunge wanaweza kuupitisha bila saini yake, lakini kwa theluthi mbili ya wote.

Ndani ya makazi, wakimbizi huchagua viongozi wao wenyewe kwenye mabaraza ya ustawi wa wakimbizi. Hapo kura yako ipo. Ila mabaraza hayo hayatungi sheria wala hayapangi bajeti ya wilaya. Kazi yake ni kupeleka kero zenu kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, mashirika na viongozi wa eneo.

Mkiwa na kero kuhusu kisima au ada ya soko, mwombeni kansela wa eneo aiwasilishe kama hoja. Baada ya kikao muulizeni mambo matatu: wajumbe wote ni wangapi, walikuja wangapi, na wangapi walikubali.